Mwenyekiti, Sindano na Rangi ya Kijani

Watu wakimtaja huku kwetu Elburgon, kwenye arusi au matanga, husema, "Yule mzee ametusaidia sana." Mimi hapo huinuka nikajifanya naenda kuangalia chai. Sipendi kubishana na mtu aliyeshika sahani. Lakini leo niko kwangu, hakuna sahani ya mtu, kwa hivyo nitasema. Yule mtu simpendi, na sababu ninazo. Nitamwita Mwenyekiti tu, maana hivyo ndivyo tulivyomwita sote, hata mke wake alipomwita aje ale.

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafugaji wa kondoo. Nani alimchagua, sijui. Nilipojiunga nilimkuta hapo, amekaa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, sisi wengine tukiwa juu ya magogo.

Tuanze na masikio. Maisha yake ya ujana aliyamalizia kwenye kiwanda cha mbao, akisimamia msumeno mkubwa, na kelele za ule msumeno zilimla sikio la kushoto. Halikusikia kitu. Sisi tuliliita sikio la mashine. La kulia lilikuwa zima kabisa. Lilisikia hata ukifungua pakiti ya biskuti nyumba ya tatu. Sasa angalia ujanja wa huyo mzee. Ukimletea habari anayoipenda, alikuelekezea la kulia. Ukimletea asiyoipenda, aligeuza kichwa polepole, kama anayetazama mawingu, na wewe ukabaki unaongea na sikio la mashine. Kila mtu aliujua huo mchezo. Na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzunguka kwenda upande wa pili. Ungeonekana huna adabu. Mzee amekugeuzia sikio, wewe unamzunguka kama kuku? Haikufanyika.

Halafu lile koti. Koti refu la kaki, la fundi, lenye mifuko mingi. Kwenye mfuko wa kifuani, pale ambapo mwalimu huweka kalamu, yeye aliweka sirinji. Alienda nayo sokoni. Alienda nayo kanisani. Wakati wa kupokea sakramenti aliinama, nayo ikachungulia. Nilikuwa nikimtazama nikiwaza, huyu siku moja atamdunga padre.

Hakujua kupiga hodi. Alifungua lango lako akaingia, akazunguka nyuma ya nyumba, akakagua boma lako, na wewe ulikuta mtu ameshika mdomo wa kondoo wako anamhesabu meno. "Huyu amezeeka, uza." Hakuuliza kama umeamka salama. Mara moja alinikuta naoga nyuma kule, nikapiga kelele, naye akaniambia kupitia mabati, "Maliza haraka, huyu dume wako ana kwato mbaya."

Na maswali hakuyataka. Ukiuliza kitu kwenye mkutano, aliinua mkono wake mmoja, ambao ule msumeno uliukata ncha ya kidole, akasema, "Maswali ni ya shule. Hapa ni boma." Basi. Wanaume wazima walitazama viatu vyao. Mimi nilikuwa nimefanya kazi miaka kwenye shamba la maua Naivasha, ambako hata msimamizi mkali humwacha mtu aulize kabla ya kupiga dawa, maana dawa inaua. Hilo la kukatazwa kuuliza lilinikaa kooni tangu siku ya kwanza.

Mazuri yake nitayataja, nisije nikaonekana nina roho mbaya. Kondoo wangu mmoja alishindwa kuzaa, mtoto amekuja miguu ya nyuma kwanza, na mvua inanyesha ile ya msitu wa Mau isiyo na huruma. Mwenyekiti alikuja, akavua koti, akalala kwenye matope, akamtoa yule mtoto mzima. Mikono yake ilikuwa laini kazini, hiyo siwezi kukataa. Na mama yangu alipokuwa mgonjwa, alituletea mabaki ya mbao ya kuwasha moto, mkokoteni mzima, bila kuombwa. Lakini Jumapili iliyofuata, mbele ya lango la kanisa, alisimulia jinsi alivyonikuta nimesimama nalia kama mtoto wa chekechea huku kondoo anakufa. Akaniiga sauti. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ndivyo alivyokuwa: wema wake uliulipia kwa kuchekwa, na hukumaliza kulipa.

Sasa nieleze mimi nilikuwa na shida gani, ndiyo uelewe alichonifanyia.

Kazi ya maua iliisha, nikarudi nyumbani. Mama alipofariki aliniachia kondoo wake, na kipande cha shamba cha juu, chenye nyasi nzuri, kilikuwa cha familia. Kaka yangu anaishi Nakuru mjini na ana usemi wa mwisho kwa mambo ya shamba. Alitaka kukodisha kile kipande kwa mtu wa viazi. Tulisumbuana hadi tukakubaliana hivi: nikiwa na wana-kondoo wa kuuza ifikapo Desemba, kipande kinabaki malisho yangu. Nisipokuwa nao, kinaenda kwa viazi. "Na usinililie," akasema. Sikulia. Niliingia kazini.

Kondoo walizaa vizuri. Tatizo la huku kwetu huja baadaye, watoto wakishaanza kukua na kuruka. Unaamka asubuhi unakuta mmoja anatembea kama amevaa viatu vya kubana. Mgongo umejikunja. Kesho yake amelala, hawezi kusimama, lakini macho ni maangavu na ukimwekea chuchu ananyonya. Hiyo ndiyo inayovunja moyo: anataka kuishi, miguu imekataa. Wengine walisema ni baridi, wengine wakasema ni jicho la jirani. Mwenyekiti, zamani hizo, alikuwa na lake: "Uvivu. Mama mvivu huzaa mtoto mvivu." Alituagiza tuwatembeze kwa fimbo. Tuliwatembeza, na walikufa wakitembezwa.

Kisha akaja daktari wa mifugo kutoka Njoro, msichana mdogo tu, mwenye gambuti kubwa kumzidi. Alimpasua mwana-kondoo mmoja aliyekufa, mbele yetu, akatuonyesha nyama ya paja. Ilikuwa na mistari myeupe, kama nyama iliyochemshwa. Akatueleza kwamba udongo wetu huku juu umepungukiwa na madini yanayoitwa seleniamu. Udongo hauna, nyasi haina, mama hana, mtoto hana, na misuli yake inaharibika. Dawa ni sindano ya seleniamu na vitamini E, na chumvi ya kulamba iliyochanganywa na hiyo seleniamu. "Lakini sikilizeni," akasema. "Kipimo ni kidogo sana na kinaenda na uzito wa mnyama. Ukizidisha, inaua, na hakuna dawa ya kuirudisha."

Mwenyekiti alimgeuzia sikio la mashine tangu mwanzo hadi mwisho. Daktari alipoondoka, mzee akatema mate. "Udongo umepungukiwa! Kwani udongo ni mgonjwa wa presha?"

Halafu mwana-kondoo wake mwenyewe akalala chini. Mkewe, bila kumwambia, akampigia daktari simu. Mtoto akadungwa, na baada ya siku chache akawa anaruka juu ya mgongo wa mama yake. Ala! Mzee akageuka kwa usiku mmoja. Ikawa seleniamu hivi, seleniamu vile. Ikawa "seleniamu yangu". Ungedhani aliichimba mwenyewe kwenye shamba lake. Hapo ndipo sirinji ilipoingia kwenye mfuko wa koti, na hakuna mtu mwingine kikundini aliyeruhusiwa kudunga. Hakupima uzito. Alikutazamia mnyama kwa jicho moja, akavuta dawa, na kila mara alivuta kidogo zaidi, "ya kusindikiza". Daktari alipomwonya, alimwangalia akatabasamu. Sikio lile lile.

Kikundi kilikuwa na siku yake, tuliyoiita Siku ya Mikia. Kila mwanachama aliwaleta wana-kondoo wake kwenye boma la Mwenyekiti, wakapitishwa kwenye kichochoro cha mbao, mmoja nyuma ya mwingine. Wakafungwa mpira kwenye mkia ili ukauke ukatike, wakanyweshwa dawa ya minyoo, wakadungwa seleniamu. Kila aliyemaliza alipakwa rangi ya buluu kwenye paji la uso. Buluu ndiyo ilikuwa rangi ya kikundi. Lori la mnunuzi lilipokuja, lilipakia wenye buluu peke yao. Asiyekuwa na buluu alirudi nyumbani na kondoo wake.

Mwaka huo Siku ya Mikia iliahirishwa. Mwenyekiti alikuwa na matanga ya mtu Mai Mahiu, na bila yeye hakuna kilichofanyika. Mimi nikaamka nikakuta wangu wawili wanatembea ule mwendo wa viatu vya kubana. Ningengoja nini? Nilimpigia daktari. Alikuja, akawapima wote mmoja mmoja kwa mizani, akawadunga kila mmoja kipimo chake, akaniachia na chumvi ya kulamba. Aliwapaka rangi ya kijani kwenye paji la uso, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. "Wasiguswe tena na seleniamu mpaka nikuambie," akasema. Wale wawili wakanyooka. Wote wakaanza kunenepa. Nilikuwa nikikaa jioni juu ya gogo nawatazama wanavyocheza kule juu kwenye nyasi, na nikasema moyoni, kaka yangu atakula maneno yake.

Haikupita wiki, Mwenyekiti akarudi na kuitisha Siku ya Mikia. Niliwapeleka. Lazima; bila buluu hakuna lori, na bila lori hakuna Desemba. Mikia ilikuwa bado, minyoo ilikuwa bado, na buluu nilitaka ipakwe pembeni mwa kijani, hayo tu.

Zamu yangu ilipofika, yeye alikuwa amesimama mwisho wa kichochoro, mbao zikiwa upande wake wa kulia, mimi nikiwa kushoto. Nikasema kwa sauti, "Mwenyekiti, hawa wameshadungwa. Ile kijani ni ya daktari. Wafunge mikia tu."

Akatazama mawingu.

"Mwenyekiti! Wameshapewa seleniamu! Wiki hii!"

"Rangi ya kikundi ni buluu," akasema, akivuta dawa kwenye chupa. "Kijani siijui."

Nilishika mkono wa koti lake. Nilimshika kabisa, mbele ya watu. Alinitazama kama mtu aliyerukiwa na chura. "Mama, kwa boma yangu huniwekei mkono." Na wale wanaume kwenye uzio, ambao kila mmoja alinisikia vizuri, wakasema, "Mama, wacha mzee afanye kazi." Mmoja akanivuta pembeni, taratibu, kama anavyotolewa mlevi. Ningepita wapi? Upande wa sikio zima kulikuwa na mbao na kondoo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakwama. Naye akadunga, mmoja baada ya mwingine, pamoja na ile ya kusindikiza, akapaka buluu yake juu ya kijani.

Walianza kuanguka kabla hatujafika nyumbani. Pale karibu na kiwanda cha mbao, yule wa kwanza alisimama akatanua miguu, akawa anavuta pumzi kama aliyekimbizwa na mbwa, povu puani. Nilimbeba. Nikamwona wa pili. Huwezi kubeba wote. Haki ya Mungu, huwezi kubeba wote. Nilimpigia daktari nikiwa nimepiga magoti barabarani, akaja na pikipiki, na alipoona ile buluu juu ya rangi yake alikaa chini kwenye majani akashika kichwa. Hakukuwa na la kufanya, alikuwa ametuambia tangu mwanzo. Waliobaki hai ni wale waliokuwa wakubwa zaidi, wachache, na hata hao hawakukua tena vizuri.

Kesho yake Mwenyekiti alikuja, bila hodi kama kawaida. Aliwatazama pale walipolazwa. Nilingoja aseme pole. Akamgeuza mmoja kwa ncha ya kiatu. "Uliwalisha nini hawa? Majani ya viazi?"

Nilikuwa sina shamba la viazi! Sina hata mche! Lakini hayo ndiyo maneno aliyoondoka nayo, na yalimtangulia kila alikokwenda. Kanisani, sokoni, kwenye duka la agroveti, kila mtu aliniambia kwa huruma, "Pole mama, majani ya viazi ni sumu." Wale wanaume wa kwenye uzio ndio waliosema zaidi. Daktari aliongea, lakini nani atamsikiliza msichana wa Njoro? Hata kaka yangu aliambiwa hivyo hivyo. Alinipigia akasema, "Kama unawalisha majani ya viazi, heri tupande viazi." Mpaka leo ninapofungua mlango asubuhi, kule juu kwenye nyasi za mama naona viazi vya mtu mwingine.

Nilitoka kwenye kikundi. Nilibaki na kondoo wachache kwenye kijishamba cha chini, na kwa hasira peke yake nilijifunza kila kitu ambacho yule daktari alikuwa tayari kunifundisha. Nikanunua mizani, ile ya ndoano ya kupimia viazi. Ndiyo, hiyo hiyo. Majirani wakaanza kuniita, mmoja mmoja, kimyakimya. Sikupita njia ya kwake. Tukikutana barabarani nilivuka upande wa pili, naye alitazama mawingu.

Msimu wa mvua ndefu uliopita, asubuhi moja nikiwa nakamua ng'ombe, nikasikia langoni, "Hodi."

Sikuitambua ile sauti. Sikuwa nimewahi kuisikia ikisema neno hilo. Nikatoka nikamkuta amesimama nje ya lango, nje kabisa, mkono juu ya mti wa lango. Amekonda. Koti ni lile lile, lakini mfuko wa kifuani ulikuwa mtupu.

"Watoto wangu wamelala chini," akasema.

Ningefunga lango. Nilitaka kulifunga. Lakini nilijua vile wale watoto wanavyotazama, macho maangavu, wakitaka kunyonya. Hao hawakunikosea. Nikachukua mizani, dawa na kopo la rangi, nikamfuata.

Walikuwa wamelala kwenye lile boma, kando ya kile kichochoro. Wamejikunja migongo, wengi tu. Nikapiga magoti kwa wa kwanza, kisha nikamuuliza lile swali ambalo yeye hakuwahi kuniuliza mimi.

"Hawa wamepewa nini?"

Akageuza kichwa, akanielekezea sikio la kulia. Mara ya kwanza katika miaka yote hiyo. "Hawajapewa kitu."

"Hata chumvi ya seleniamu?"

"Hata chumvi."

"Tangu lini?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, naye akatazama chini.

"Tangu ile siku ya kondoo wako," mzee akasema. "Sijaishika tena hiyo dawa."

Nilibaki pale na mwana-kondoo mapajani. Kwa hivyo alijua. Alipomgeuza yule wangu kwa kiatu, alijua. Alipoyapeleka yale majani ya viazi kanisani, alijua. Aliogopa ile dawa kiasi cha kuacha wake wapooze miguu, na bado kila Jumapili aliniacha mimi nipite nikiitwa mjinga. Hasira ilinipanda, na sindano hiyo haishikwi kwa hasira, kwa hivyo nilingoja itulie.

Kisha nikafanya kazi. Nilimtundika kila mmoja kwenye mizani, nikavuta kipimo chake, nikadunga. Hakuna ya kusindikiza. Mwenyekiti alinishikia kopo. Nilipopaka ile rangi kwenye paji la uso la wa kwanza, aliitazama: kijani. Midomo ikasogea kidogo. Niliendelea kupaka hadi boma lote likawa la kijani.

Nikanawa mikono. Nikasimama mbele yake.

"Mwenyekiti," nikasema, "Jumapili, pale langoni mwa kanisa, uwaambie watu kondoo wangu hawakula majani ya viazi. Waambie ni nini kiliwaua. Na kaka yangu umpigie simu, umwambie kwa mdomo wako."

Akageuza kichwa polepole. Akatazama mawingu. Nikabaki naongea na sikio la mashine.

Mkewe aliniangalia. Hakukuwa na mbao za kunizuia siku hiyo. Niliweka mizani chini, nikamzunguka, nikaenda nikasimama upande wa kulia, karibu kabisa na lile sikio zima, nikaanza upya tangu mwanzo, polepole.